Waliniita lounge ya moteli nikarithiwe, nikaenda na mama yangu

Wakuu hamjambo, na vijana niaje.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, nalala. Lakini juzi kuna jamaa alileta uzi akisema wajane wa zamani walikuwa na adabu, kwamba mume akifa walinyamaza, ukoo ukawaamulia, na mambo yakaenda sawa. Watu wakampigia makofi.

Nilisoma hayo nikiwa napika chapati, na ile chapati iliungua.

Kwa hivyo leo naandika. Haya ni ya kweli, yalinipata mimi mwenyewe katikati ya miaka ya tisini, nimebadilisha majina tu. Ukitaka kubisha, bisha, ila ujue mimi nilikuwa kwenye kiti pale na wewe hukuwepo.

Ni ndefu kidogo. Weka chai.

Nilikuwa naishi Shauri Moyo, zile nyumba za council. Mume wangu, tumwite Baba Nafula, alikuwa fundi wa reli. Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi Gikomba, wateja wangu maseremala na wale wa kugonga mabati. Sote wawili ni watu wa magharibi, watu wa kanisa. Watoto wawili, chumba kimoja na pazia katikati. Pesa haikuwa nyingi lakini nyumba ilikuwa na kicheko.

Kisha akaugua kifua, akalazwa, akafa. Hapo sitaeleza zaidi, hadi leo sipendi.

Tulimzika kwao. Niliporudi Nairobi, kabla hata sijazoea kulala peke yangu, ukoo wake ukaanza.

Kwa wale ambao si wa kwetu, nieleze. Mume akifa, ukoo wake huweza kumchagulia mjane mwanaume mwingine wa ukoo huo amrithi. Anakuwa kama mume. Kuna waliorithiwa na watu wazuri wakaishi vizuri, sikatai. Lakini mimi sikutaka. Sikutaka wakati huo, na hata leo ukiniuliza sitaki.

Waliyemchagua ni Barasa, binamu ya marehemu. Barasa alikuwa karani kwenye kampuni moja Industrial Area, anaishi Kariobangi kwenye chumba ambacho maji yalikuja yakijisikia. Alikuwa na mke ushago, yaani kijijini, na watoto. Alipenda tai. Alivaa tai hata siku za kwenda kununua mkaa.

Na wacha niseme wazi, huyu mtu hakuwa ananitaka mimi. Alikuwa anataka nyumba. Kutoka Shauri Moyo unatembea hadi mjini, unatembea hadi Industrial Area, kodi ya council ni ya kucheka. Nyumba ilikuwa kwa jina la mume wangu, na ukoo ulisema nyumba ya kijana wao hubaki na kijana wao.

Nikapewa maneno mawili tu. Nimkubali Barasa, au nitoke kwa nyumba na watoto wapelekwe ushago kwa babu yao.

Siku moja nikiwa Gikomba, Barasa akapitia kwangu, akaacha koti lake likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Anayejua mambo ya kwetu anajua maana ya mwanaume kuacha koti kwa mjane. Ni kama kuweka bendera.

Nikalitoa nikalianika kwenye kamba ya nje. Likanyeshewa wiki nzima. Majirani walikuwa wakipita wanaliamkia, "Baba, umelala salama?"

Basi ukoo ukaitisha kikao. Watu wa ukoo ule walioko Nairobi walikuwa na chama chao cha kusaidiana, na Mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja wa kofia, mpole wa sauti, mtu anayeshika mila kama Biblia. Yeye sina ubaya naye. Utaona mbele.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwangu na kikaharibika. Kina mama wa ile laini yetu ya nyumba waliingia na vitambaa vyao vya kufuma, wakajaa kwa kitanda, wakafuma. Kila mwanaume akifungua mdomo sindano zinasimama, akinyamaza zinaendelea. Mwishowe wazee wakaomba maji ya kunywa wakaenda.

Barasa akaona Shauri Moyo hawezi. Ndipo akaja na hii akili ya lounge.

Sasa ngoja niwaeleze hiyo moteli, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Jina silitaji. Ilikuwa upande wa Jogoo Road, imejengwa enzi za wazungu kwa watu wa safari zenye magari. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, kila mlango unatazama mahali pake pa kuegesha gari. Madirisha ya mviringo. Mbele kulikuwa na bustani ya maua na gurudumu kubwa la mkokoteni wa ng'ombe limepakwa chokaa.

Watu wa Eastlands tulikuwa tunaenda pale kupiga picha za harusi. Unatoka kanisani na msafara wako, unasimama kando ya gurudumu, mpiga picha anafanya kazi yake, mnaondoka. Hakuna aliyeingia ndani. Picha yangu ya harusi ni pale. Baba Nafula ameshika gurudumu kama analiendesha, mimi nimenuna kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana.

Siku ile aliniambia, "Siku moja tutaingia huko ndani tukae." Nikamwambia anunue kwanza viatu vinavyonitosha.

Miaka ikapita moteli ikachakaa. Rangi ikabambuka, kuku wakahamia kwa bustani. Kisha mwenyewe mpya akainunua na kuitengeneza, na nakubali aliitengeneza na macho. Hakubomoa. Alirudisha yale madirisha, akang'arisha ile sakafu ya vijiwe, gurudumu akalipaka upya. Pale palipokuwa reception akapageuza kuwa cocktail lounge, baa ya vinywaji vya kuchanganywa. Watu wakaanza kutoka kanisani Jumapili wakienda tu kusimama ng'ambo ya barabara kutazama taa.

Na mlangoni kulikuwa na kibao: wanawake wasioandamana na wanaume hawaruhusiwi.

Msishangae, vijana. Miaka ile ilikuwa kawaida. Mwanamke peke yake kwenye baa alihesabiwa kuwa wa biashara ile nyingine, hata kama umetoka kazini na unataka soda tu.

Hapo ndipo akili ya Barasa ilipokuwa. Alikuja Gikomba, akasimama mbele ya meza yangu ya mandazi na tai yake, akasema, "Kikao ni Jumamosi mchana, pale moteli. Mahali pa heshima. Si kwa nyumba ya kufumiwa vitambaa."

Nikamwambia sawa, nitakuja.

"Utaingia na mimi," akasema. "Bila mimi hawatakuruhusu kwa mlango."

Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikaelewa. Ningepita ule mlango nimeandamana na Barasa, mbele ya wazee wa ukoo wamekaa wananitazama, ningekaa kando yake, angeniagizia kinywaji. Wakati wa mtu kuuliza kama nimekubali ungekuwa umeshapita. Kila mtu angesema si waliingia pamoja? Si walikunywa pamoja?

Nikakasirika hadi nikamwaga maziwa.

Jioni ile nikaenda Kariobangi kwa mama yangu. Watoto wangu walimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa anauza mboga sokoni, na Jumapili ni mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mtu wa maneno machache nje na mengi sana kwa Mungu.

Nikamweleza yote. Akasikiliza akichambua sukuma. Akauliza swali moja. "Huyo Barasa anasema anakurithi kwa mila?"

Nikamwambia ndiyo, kila sentensi yake ina mila.

"Basi Jumamosi nakuja na wewe."

Hapa nieleze jambo la pili la kwetu, na hili ndilo mlisome vizuri.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mkono. Hawali pamoja, hawanywi pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki, ni heshima, na ni heshima kubwa kuliko zote.

Mume wangu aliishika hiyo heshima ndani ya chumba kimoja cha Shauri Moyo. Mama akija kututembelea, Baba Nafula alikuwa anatoka. Alikuwa anasimama nje ya dirisha, ameangalia kando, anamsalimia kutoka huko. "Mama, hamjambo huko? Mboga zinauzika?" Na mama anamjibu akiangalia ukuta. Usiku alikuwa anaenda kulala kwa rafiki yake. Mvua au jua. Nilikuwa nacheka sana wakati huo, sasa nikikumbuka nalia kidogo.

Kwa hivyo mama alikuwa anasema hivi. Kama Barasa ni mkwe wake kweli, akimwona anaingia, atasimama atoke. Kama atakaa, basi si mkwe.

Nikamwambia, "Mama, na akitoka?"

Akaweka sukuma chini. Kisha akasema, "Akitoka, atakuwa ameshika mila, na wazee watamwona ameishika. Mimi nitakuwa sina la kusema tena. Utabaki wewe na mdomo wako."

Sikulala vizuri, wakuu. Kutoka tu kwenye chumba, jambo la dakika moja, na Barasa angepata nyumba na watoto wangu. Na Barasa hakuwa mjinga.

Jumamosi ikafika. Nikavaa gauni langu la bluu la kanisa, na viatu vinavyonitosha. Mama akavaa nguo zake za Jumapili na kitambaa cheupe kinang'aa kwa rinso. Tulitembea kwa mguu, mama hakutaka kufika nguo zikiwa zimekunjwa na msongamano wa matatu.

Mlangoni kulikuwa na askari kijana, ana koti jekundu lenye vifungo vya shaba. Akatutazama juu hadi chini.

"Madam, mko na mzee?"

Nikamwambia tumeitwa kikao, tunangojewa ndani.

"Sawa, lakini hauwezi ingia bila mzee. Nimwite huyo mzee wako akuchukue hapa?"

"Sina mzee," nikasema. "Mzee wangu alikufa. Walio huko ndani wanataka kunipatia mwingine kwa nguvu. Usiite mtu."

Yule kijana akakuna kichwa. Nikaona hata yeye anaona aibu, lakini kazi ni kazi. Akasema sheria ni ya meneja.

"Basi mwambie meneja awaambie hao wazee kikao kimehamia hapa nje."

Nikatandika leso kwenye nyasi, kando ya lile gurudumu. Ndiyo, lile lile. Mama akakaa, akakunja miguu vizuri, akafunga macho, akaanza kuomba.

Mnajua maombi ya mama wa kanisa wa magharibi? Hayana volume ya chini.

"Ee Baba, tunakuja mbele zako tukiwa nje ya nyumba hii. Tunaikabidhi kwako, Baba. Tunakukabidhi chumba namba moja na wote walio ndani yake, wewe unawajua. Wakumbushe wanaowangoja nyumbani, Baba. Tunakukabidhi chumba namba mbili..."

Ilikuwa Jumamosi mchana, wakuu. Vile vyumba havikuwa vitupu na si kwa sababu ya safari. Nikaona pazia la namba mbili limefunguka kidogo. Namba nne, mwanaume akatoka ameshika viatu mkononi, akaingia kwa gari lake bila kumwangalia mtu. Mama alikuwa bado hajamfikia hata.

Alipofika namba sita meneja alikuwa ameshatoka mbio.

"Mama, tafadhali, tafadhali. Ingieni. Karibuni ndani."

"Ngoja nimalizie," mama akasema, "wamebaki kidogo."

"Mama nakuomba."

Mama akasema amina. Tukaingia sisi wawili, bila mwanaume, na yule askari kijana akatufungulia mlango akiuma midomo asicheke.

Sitadanganya, ndani palinipendeza. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia nikashindwa. Viti vya chini vya ngozi rangi ya damu ya mzee, kaunta imepinda kama nusu ya mwezi, samaki wa rangi wanaogelea kwenye tangi la kioo. Ukutani waliacha vile vindoano vya zamani vya kuning'iniza funguo za vyumba, kila kimoja na namba yake ya shaba. Nikafikiria Baba Nafula angeketi wapi. Angeketi karibu na samaki, nina uhakika.

Wazee walikuwa kwenye meza ya kona. Mwenyekiti na kofia yake kwa goti, watu wawili wa kamati, na Barasa mwenye tai mpya. Mezani mbele ya Barasa kulikuwa na glasi ndefu, kinywaji chekundu chini na njano juu, kipande cha chungwa na kale kamwavuli ka karatasi. Kando ya kiti chake kulikuwa na kiti kitupu. Hicho kilikuwa changu.

Sikukaa hapo. Nilivuta viti viwili ng'ambo ya meza.

Wazee walimwona mama kabla yangu. Mwenyekiti akaweka soda yake chini polepole sana. Kamati mmoja akasema, "Aah," basi.

Na Barasa akasimama.

Wakuu, moyo wangu ulisimama naye. Alisimama wima, akamtazama mama, akatazama mlango. Alijua. Alilelewa kule kule kama sisi. Nikaona mguu wake umegeuka kuelekea nje, na nikajisemea nimekwisha, huyu anatoka, na watoto wangu wameenda.

Halafu kwenye kaunta mtu akaita, "Barasa! Kumbe uko huku?"

Alikuwa bosi wake wa kazini, mtu mnene wa suti, na rafiki zake. Ameinua glasi. Barasa akainua mkono. Na nikaona anavyofikiri. Atamwambiaje bosi kwamba anatoka mbio kwa lounge kwa sababu ameingia mama wa sukuma wiki na kitambaa? Kinywaji hakijaguswa, mwavuli bado umefunguka, yeye anakimbia nini?

Mama alikuwa amesimama pia. Akanyoosha mkono wake juu ya meza. Aliunyoosha tu, ukakaa pale.

"Barasa," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini. "Kijana, toka nje kidogo."

Lakini bosi alikuwa anatazama. Barasa akacheka, kile kicheko cha watu wa tai. Akaushika mkono wa mama akautikisa.

"Mzee, hizi vitu za ushago tuliacha ushago," akamwambia Mwenyekiti, akisema kwa nguvu ili na kaunta wasikie. "Hapa ni Nairobi. Mama, karibu kiti. Utakunywa nini?"

Akaketi. Akachukua ile glasi, akainua kidogo kwa bosi, akanywa. Alikunywa mbele ya mama yangu hadi nikaona rangi nyekundu inashuka.

Mama akaketi pia, akalainisha nguo yake.

"Umesema vizuri, mwanangu," akasema. "Ya ushago tuyaache ushago. Basi na hilo la kumrithi huyu binti tuliache huko huko."

Nilisikia ile mashine ya hewa ya samaki inavyobubujika.

Barasa akafungua mdomo. "Mama, hapana, hiyo ni tofauti..."

"Tofauti gani?" mama akauliza. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mkwe wangu nilikuwa naye mmoja. Alinisalimia miaka yote akiwa nje ya dirisha, hata mvua ikimnyeshea. Sikuwahi kumwona akimeza kitu. Wewe umenishika mkono na umekunywa mbele yangu. Wewe ni mtoto wangu tu, kama hawa watoto wengine wa mjini. Nami nimefurahi kukujua."

Barasa akamgeukia Mwenyekiti. Akaanza kueleza mambo ya bosi, mambo ya giza, kwamba taa za humu haziko sawa, hakumtambua mama. Giza gani na alimwita mama kwa mdomo wake?

Yule mzee alizungusha kofia yake kwenye goti. Nilisema sina ubaya naye na ndiyo sababu. Angeweza kupindisha. Alikuwa wa ukoo wao, hakuwa wetu. Lakini mila alikuwa anaiamini kwa kweli, hata inapomuumiza.

"Nilikwambia utoke," akasema. "Tulikuja hapa kwa mila, na wewe umeitupa mbele yetu sote kwa sababu ya mtu wa suti. Mjane huyu hana mtu wa kumrithi kwetu. Nyumba ikae na watoto, na watoto wakae na mama yao."

Akavaa kofia. Akampa mama heshima kwa kuinamisha kichwa, bila kumshika mkono. Kamati wakamfuata.

Barasa alibaki akiwa ameshika ile glasi. Nikamwambia, na nimekuwa nikifurahia kwa miaka yote hii kwamba nilimwambia, "Koti lako liko kwa kamba. Limekauka."

Akaenda kwa bosi wake. Baada ya dakika chache hata huko hakuonekana.

Sasa tumebaki mimi na mama, meza ya watu sita, kwenye cocktail lounge. Mimi nilidhani mama atasema twende. Akaita waiter, akaagiza chai.

"Chai hatuna, mama. Tuna cocktail."

"Ina pombe?"

"Tunaweza kutengeneza ya matunda peke yake."

"Lete mbili. Na hiyo miavuli usisahau."

Zikaja. Yangu nilikunywa polepole nikitazama samaki, na hapo ndipo nililia, si kwa huzuni peke yake. Nililia kwa sababu nimeingia. Kwa sababu alisema tutaingia, nami nimeingia bila yeye, na sijaingizwa na mtu.

Tukiwa hapo waiter akarudi, amekunja mikono, hana raha. Wale wazee wameondoka, na meneja amemtuma.

"Madam, samahani. Sheria ya hapa... wanaume wenu wameenda. Nyinyi sasa mmeandamana na nani?"

Nikaweka glasi chini.

"Mimi nimeandamana na mama yangu," nikasema. "Na yeye ameandamana na mimi. Mwambie meneja bado hatujamaliza, na akitaka tutoke nje, mama alikuwa amebakisha chumba namba saba."

Hakurudi tena kutuuliza. Tulikaa hadi tukamaliza, tukalipa kilicho chetu, tukatoka kwa mlango ule ule wa mbele. Mama alibeba ule mwavuli wa karatasi kwa Biblia yake, na ulikaa humo kama alama ya ukurasa hadi alipotuacha.

Nyumba niliihamisha kwa jina langu. Ilinichukua safari nyingi za ofisini lakini hakuna mtu wa ukoo aliyekuja kunipinga. Watoto walisomea hapo hapo, na msumari wa nyuma ya mlango nilining'inizia aproni yangu ya mandazi. Ile moteli ilibadilishwa tena baadaye, na siku hizi pale ni ghorofa za kupangisha.

Nilichojifunza ni hiki. Mila siichukii, mimi ni mtoto wake. Lakini ukitaka kunifunga na mila, ibebe yote, hata ile inayokutoa nje ya chumba bosi wako akiangalia. Usiniletee ile inayokupa nyumba peke yake.

Na kwa yule jamaa wa wajane wenye adabu: tulikuwa na adabu. Adabu ndiyo iliyomshinda Barasa.

Wajane mlio humu, na nyinyi mliokataa na mliokubali, andikeni yenu hapa chini, nitasoma yote. Wa kubisha pia njooni. Na kama kuna mtu wa ukoo ule anasoma na ana toleo lingine, alete, tusikie lile giza la lounge lilikuwa giza la aina gani.

Nipo hapa na chai yangu. Na kabla hamjaniuliza: hapana, sijaandamana na mtu.